Virusi vya RSV Hubadilika Kila Msimu: Unachopaswa Kujua Ukiwa na Mtoto Mchanga Nyumbani

Wahudumu wa wodi za watoto hapa Pwani wanaijua hadithi hii. Mzazi hufika na mtoto wa miezi miwili au mitatu anayehema kwa shida, akaeleza kwamba ilianza kama mafua ya kawaida. Makamasi kidogo, kikohozi kidogo, dada yake wa chekechea naye alikuwa na mafua wiki iliyopita. Siku ya tatu mtoto akaanza kukataa titi. Siku ya nne kifua kikawa kinabonyea kila anapovuta pumzi.

Mara nyingi chanzo chake ni virusi vinavyoitwa kwa kifupi RSV. Jina hili halijulikani sana mitaani, tofauti na malaria au kipindupindu, lakini karibu kila mtoto huwa ameambukizwa virusi hivi kabla ya kutimiza miaka miwili. Wengi hupona nyumbani bila matatizo. Wachache hupata nimonia au uvimbe wa mirija midogo ya mapafu, na hao wanaweza kupoteza maisha wasipopata matibabu mapema. Wataalamu walikadiria kuwa mwaka 2019 pekee, RSV ilisababisha vifo zaidi ya 100,000 vya watoto wa chini ya miaka mitano duniani. Karibu nusu yao hawakuwa wamefikisha hata miezi sita, na vifo karibu vyote vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu.

Makala hii inaeleza kwa nini virusi hivi hurudi kila mwaka na sura tofauti, watafiti wa Pwani wamegundua nini kuvihusu, na jambo gani mkaazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe anaweza kulifanya leo ili kumlinda mtoto mchanga.

Si ugonjwa wa baridi

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba mafua na kifua huletwa na baridi ya Kusi, ile ya Juni na Julai. Kwa RSV hapa Pwani, mambo ni kinyume. Ufuatiliaji wa miaka mingi katika hospitali ya Kilifi, takriban kilomita 60 kutoka Mombasa, umeonyesha kuwa mlipuko kwa kawaida huanza miezi ya mwisho ya mwaka, hushika kasi mwanzoni mwa mwaka unaofuata, kisha hupungua kufikia katikati ya mwaka. Maana yake ni kwamba virusi hivi huvuma wakati wa joto la Kaskazi, wakati ambapo mzazi hana wasiwasi wowote na mafua.

RSV haiji na upepo wala na barafu ya sharubati. Huletwa na mtu. Huenea kwa makamasi, kwa matone ya anayekohoa au kupiga chafya karibu nawe, na kwa mikono iliyogusa makamasi kisha ikagusa macho au pua. Virusi vinaweza kubaki hai kwa saa kadhaa juu ya meza, vikombe na vitu vya kuchezea. Aliyeambukizwa huanza kuonyesha dalili baada ya siku nne hadi sita hivi, na anaweza kumwambukiza mwingine kwa wiki nzima au zaidi.

Rangi mpya, injini ileile

Mtu mzima anayeshikwa na mafua leo huenda ameshaugua RSV mara nyingi maishani. Swali ni kwa nini mwili haukumbuki. Surua ukiugua mara moja, kwa kawaida huugui tena. RSV hurudi.

Sababu ya kwanza ni kwamba kinga ambayo mwili hujenga baada ya RSV hupungua baada ya muda. Sababu ya pili ni kwamba virusi vyenyewe hubadilika.

Kirusi cha RSV ni kidogo mno. Maelekezo yake yote ya kinasaba ni kama maandishi yenye herufi 15,000 hivi. Kikiingia katika chembe za pua au mapafu, hulazimisha chembe hizo kunakili maandishi hayo maelfu ya mara. Kazi ya kunakili hufanywa haraka na hakuna wa kusahihisha, kwa hiyo makosa hutokea. Makosa mengi hayana maana yoyote, na mengine huua kirusi chenyewe. Lakini mara mojamoja kosa hukisaidia, na nakala yenye kosa hilo ndiyo inayosambaa kutoka nyumba moja hadi nyingine.

Makosa yanayosaidia zaidi ni yale yanayogusa ngozi ya nje ya kirusi. Juu ya ngozi hiyo kuna protini mbili muhimu. Moja huitwa G, na hukisaidia kirusi kujishikiza kwenye chembe zetu. Nyingine huitwa F, na ndiyo inayofungua njia ya kirusi kuingia ndani. Kinga ya mwili hukitambua kirusi kwa kuziangalia protini hizi.

Fikiria matatu. Mwenye gari anaweza kuipaka rangi mpya kila mwaka, akabadilisha jina na michoro, na abiria aliyezoea ile ya zamani akashindwa kuitambua stejini. Lakini injini hawezi kuichezea ovyo, kwa sababu ikiharibika gari haliendi. Protini G ni kama ile rangi: hubadilika sana na kirusi huendelea na safari. Protini F ni kama injini: hubadilika kidogo tu, kwa sababu mabadiliko mengi yangekizuia kirusi kuingia mwilini. Jambo hili ndilo limewapa wanasayansi nafasi ya kutengeneza chanjo, kama tutakavyoona mbele.

Waliyoyaona Kilifi

Watafiti wa mpango wa KEMRI-Wellcome Trust, ulioanzishwa Kilifi mwaka 1989, wamekuwa wakiifuatilia RSV miongoni mwa watoto wanaolazwa hospitalini tangu mwaka 2002. Wamekuwa wakichukua sampuli za puani, kusoma herufi za kinasaba za virusi vilivyomo, na kulinganisha msimu mmoja na mwingine. Ni sehemu chache sana barani Afrika zenye kumbukumbu ndefu namna hiyo, na imetoka kwa watoto wa huku kwetu.

Jambo la kwanza lililoonekana ni kwamba RSV ina makundi mawili makubwa, kundi A na kundi B. Yote mawili yanaweza kuzunguka kwa wakati mmoja, lakini kwa kawaida moja hutawala msimu. Kundi moja likitawala kwa muda, watoto wengi hujenga kinga dhidi yake, na kundi la pili hupata nafasi.

Jambo la pili ni kwamba mlipuko wa mwaka mmoja si moto mmoja unaowaka mwaka baada ya mwaka. Watafiti walipolinganisha virusi vya kundi A kutoka misimu iliyofuatana, waligundua kuwa kila msimu aina kadhaa tofauti huingizwa kutoka nje ya eneo. Nyingi huzunguka kwa muda kisha hupotea. Chache hubaki na kurudi msimu unaofuata. Kwa maneno mengine, tunaletewa mbegu mpya kila mwaka.

Mfano mzuri ni aina inayoitwa ON1. Iligunduliwa katika jimbo la Ontario, nchini Canada, wakati wa baridi ya 2010 na 2011. Ilikuwa na alama ya wazi: katika sehemu ya protini G, kipande cha herufi 72 kilikuwa kimeandikwa mara mbili, kama mtu aliyenakili mstari mmoja wa barua mara mbili kwa bahati mbaya. Mwezi Februari 2012, aina hiyohiyo ilipatikana kwa watoto Kilifi. Ndani ya mwaka mmoja na kidogo, kosa la kunakili lililoonekana Canada lilikuwa limevuka zaidi ya kilomita 12,000 na kuingia katika pua za watoto wa Pwani. Katika misimu iliyofuata ON1 ikachukua nafasi ya aina ya kundi A iliyokuwepo kabla yake.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Kundi B lilikuwa limefanya jambo kama hilo miaka kumi na zaidi iliyotangulia. Katika sampuli za mwaka 1999 kutoka Buenos Aires, Argentina, ilionekana aina yenye kipande cha herufi 60 kilichorudiwa mahali palepale kwenye protini G. Miaka michache baadaye ilikuwa imeenea duniani, Kenya ikiwemo.

Je, aina mpya ni kali zaidi? Si lazima. Aina inaweza kushinda nyingine kwa sababu tu kinga ya watu haijaizoea, bila kuwadhuru zaidi wanaoambukizwa. Kwa hiyo ukisikia kwamba kuna aina mpya, usiingiwe na hofu. Mtoto mchanga hajawahi kukutana na aina yoyote ile, ya zamani wala mpya. Kwake yeye zote ni ngeni, na hatari hutegemea zaidi umri wake na jinsi anavyofikishwa hospitalini mapema.

Kwa nini jambo hili linahusu Mombasa

Kilifi ndiko kuliko na maabara, lakini Mombasa ndiyo lango. Wakati wa janga la Korona, watafiti hao wa Kilifi walisoma sampuli kutoka kaunti zote sita za Pwani ili kujua virusi vilipitia wapi. Waligundua kuwa jiji la Mombasa ndilo lililokuwa mlango mkuu wa kuingizia virusi na kituo cha kuvisambaza kwingine Pwani.

Hilo halimshangazi mkaazi wa bara ya Mombasa. Uwanja wa ndege wa Moi uko Changamwe. Treni ya SGR inashukisha abiria Miritini. Bandari iko jirani. Kivuko cha Likoni huvusha maelfu ya watu kila asubuhi wakiwa wamesimama bega kwa bega, na magari ya Kisauni na Bamburi hujaza abiria kwenda na kurudi mjini. Virusi vya mafua husafiri na watu, na hapa kwetu watu hawakomi kusafiri.

Hatuwezi kufunga kivuko kwa ajili ya mafua. Lakini tunaweza kujua virusi vinapita wapi vikishafika mtaani, na hapo ndipo utafiti mwingine wa Kilifi unapotusaidia.

Anayeingiza virusi nyumbani ni nani?

Kati ya mwisho wa 2009 na katikati ya 2010, watafiti walifuatilia familia 47 katika Kaunti ya Kilifi zenye jumla ya watu 493. Kwa karibu miezi sita walikuwa wakienda kwa kila familia mara kwa mara kuchukua sampuli za puani kwa kila mtu, awe mgonjwa au mzima. Kila nyumba ilikuwa na mtoto mchanga.

Matokeo yalikuwa wazi. Zaidi ya nusu ya watoto wachanga walioambukizwa, na ambao chanzo chao kilijulikana, walipata virusi ndani ya nyumba yao wenyewe. Na aliyeviingiza virusi humo mara nyingi hakuwa mgeni wala baba anayetoka kazini. Alikuwa kaka au dada mkubwa wa mtoto, hasa anayesoma shule. Baadhi ya walioambukizwa hawakuwa na dalili yoyote.

Hii haina maana kwamba tuwalaumu watoto wa shule. Ina maana kwamba mlango wa kulinda tunaujua. Mtoto akirudi kutoka chekechea, shuleni au madrasa, anakimbilia kumbusu mdogo wake kabla hata ya kuvua viatu. Hapo ndipo pa kuanzia.

Mambo sita ya kufanya nyumbani

1. Anayetoka shule, madrasa au kazini anawe mikono kwa sabuni na maji kabla ya kumshika mtoto mchanga. Weka sabuni na mtungi au ndoo yenye mfereji karibu na mlango. Kama maji ni ya kununua, hifadhi kiasi kwa kazi hiyo.

2. Mwenye mafua, hata kama ni madogo, asimbusu mtoto usoni wala mikononi. Awe ndugu yake, bibi yake au jirani. Mama mwenye mafua aendelee kunyonyesha, lakini anawe mikono na afunike mdomo na pua kwa barakoa au leso safi.

3. Tumia vizuri desturi yetu ya arobaini. Zile siku 40 za mama kupumzika ndani na mtoto zinaweza kuwa kinga nzuri, mradi wageni wanaokuja kumpongeza wasiwe wagonjwa na mtoto asipitishwe mkono kwa mkono. Kumwambia mgeni, "Tutakuona ukipona," si kukosa adabu.

4. Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Maziwa ya mama yana kingamwili, na humsaidia mtoto kupambana na maradhi mengi ya kifua.

5. Mtoto asikae penye moshi. Sigara isivutwe ndani ya nyumba anamolala, na jiko la makaa au kuni liwekwe nje au mahali penye hewa ya kutosha.

6. Kikombe, kijiko na taulo la mwenye mafua visitumiwe na mtoto, na vitu vya kuchezea vioshwe kwa sabuni.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayotegemea aina ya virusi iliyofika mwaka huu. Kundi A, kundi B au aina itakayozaliwa kesho, zote hupita kwenye mikono ileile na zote huuawa na sabuni ileile.

Chanjo: nini kimebadilika

Kwa zaidi ya miaka 50 wanasayansi walitafuta chanjo ya RSV bila mafanikio. Sasa ipo, na inalenga protini F, ile injini isiyobadilika sana. Mama mjamzito hupewa sindano moja, mwili wake hutengeneza kingamwili, na hizo humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma kabla ya kuzaliwa. Katika majaribio yaliyohusisha wajawazito wapatao 7,400 katika nchi 18, chanjo hiyo ilipunguza ugonjwa mkali kwa asilimia 82 hivi katika miezi mitatu ya kwanza ya mtoto, na kwa asilimia 69 hivi katika miezi sita. Imetengenezwa ili ilinde dhidi ya kundi A na kundi B.

Mwezi Mei 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichapisha mapendekezo kwa nchi zote kutumia mojawapo ya njia mbili: chanjo kwa mama kuanzia wiki ya 28 ya ujauzito, au sindano moja ya kingamwili iliyo tayari kwa mtoto mwenyewe. Ukiwa mjamzito, muulize muuguzi wa kliniki kuhusu njia hizi unapohudhuria.

Hata hivyo, virusi havilali. Miaka michache iliyopita kingamwili moja ya majaribio iliyoitwa suptavumab ilishindwa kuwalinda watoto kikamilifu. Sababu ilikuwa mabadiliko mawili tu madogo katika protini F ya virusi vya kundi B, mahali hasa ilipopaswa kushika. Ndiyo maana sampuli za puani zinaendelea kuchukuliwa na kusomwa hata baada ya chanjo kupatikana. Muuguzi au mtafiti akikuomba ruhusa ya kuchukua sampuli ya mtoto wako, una haki ya kuuliza maswali yote na kukubali au kukataa. Ukikubali, unasaidia kujua kama kinga zilizopo bado zinafanya kazi.

Tahadhari moja: chanjo ya nimonia ambayo watoto wamekuwa wakipewa kliniki hapa Kenya tangu mwaka 2011 ni ya bakteria, si ya RSV. Ni muhimu sana na mtoto asiikose, kwa sababu huzuia aina nyingine ya nimonia. Angalia kijitabu cha mama na mtoto uhakikishe chanjo zote zimekamilika.

Wakati wa kukimbia hospitalini

RSV haina dawa ya kuiua. Antibiotiki hazifanyi kazi dhidi ya virusi, kwa hiyo usinunue dukani na kumpa mtoto bila kuandikiwa. Usimpe mtoto mchanga dawa za kikohozi, na usimpe asali kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Usimpeleke kukatwa kimio. Kukata kimio hakutibu kifua, na kunaweza kumsababishia mtoto kuvuja damu na kupata maambukizi.

Kinachookoa maisha ni oksijeni na majimaji ya kutosha, navyo hupatikana hospitalini. Kwa hiyo jifunze kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua, angalia saa ya simu, na uhesabu kifua kinapanda mara ngapi kwa dakika moja nzima. Anapumua haraka kupita kiasi ikiwa:

- yuko chini ya miezi 2 na anapumua mara 60 au zaidi;
- ana miezi 2 hadi 11 na anapumua mara 50 au zaidi;
- ana mwaka 1 hadi 5 na anapumua mara 40 au zaidi.

Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo ukiona hivyo. Na usingoje hata kidogo, iwe mchana au usiku, ukiona mojawapo ya dalili hizi: sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, anakoroma au kuguna kila anapopumua, anashindwa kunyonya, anatapika kila kitu, midomo au ulimi unageuka rangi ya samawati, anasita kupumua, amelegea au haamki, au ana degedege. Waliozaliwa kabla ya wakati, wenye matatizo ya moyo, na wote wa chini ya miezi miwili wapelekwe mapema zaidi, hata kama dalili zinaonekana ndogo.

Wakaazi wa Likoni wanaweza kwenda Hospitali ya Likoni, na wa Changamwe Hospitali ya Port Reitz. Walio Kisauni waende kituo cha afya kilicho karibu nao, ambako watapewa rufaa ya Hospitali ya Rufaa ya Coast General ikihitajika. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako anaweza kukusaidia kuhesabu pumzi na kukuelekeza. Mjue kwa jina na uwe na nambari yake ya simu kabla mtoto hajaugua.

Kaskazi ikikaribia, mfundishe pia kila mtu anayebaki na mtoto unapokwenda kazini, awe bibi, shangazi au msaidizi wa nyumbani, namna ya kuhesabu pumzi na dalili za kumpeleka hospitalini mara moja bila kusubiri urudi.